Mboloko wa Pili

Faida wangu,

Jioni hii uliniuliza, "Mama, leo uko mugonjwa? Haunisumbue hata kidogo." Nikacheka na kurudi kuchochea moto. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimejaa maneno ambayo nimeyakalia miaka mingi, na kesho unaondoka na pikipiki ya kazi kwenda Walikale, kwa hiyo sina tena mahali pa kuyakalia.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kujifunika kifua asubuhi sitakuandikia. Wewe ndiye muuguzi, mimi ni mkulima wa maharagwe. Nikianza kukufundisha malaria utanicheka, na utakuwa na haki. Hata habari za wanaume wa machimbo ya Omate naziacha, maana nimekuchosha nazo tangu siku ulipoambiwa umepata kazi. Nataka kukuandikia juu ya barabara, na juu ya baba yako.

Najua umekunja uso. Kunja, lakini soma.

Unakumbuka juzi, ulipokuwa ukiijaribu pikipiki kwenye uwanja wa kanisa? Baba yako alijikokota na magongo yake mpaka pale, jua likimchoma, akakuambia, "Faida, kuya kidogo, nikuonyeshe kitu juu ya ile barabara ya pori." Ukazima injini. Ukamtazama kuanzia miguuni. Ukasema, "Papa, muntu mwenye alilala juu ya piki, ataniambia nini juu ya barabara?" Kisha ukawasha tena, ukazunguka uwanja.

Alirudi nyumbani, akaketi, akachukua kisu na kuanza kukwangua matope kwenye gongo lake. Alisema tu, "Mutoto iko na haki." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na sahani ya sombe mkononi. Nikamwekea chakula. Nikamwuliza kama anataka pilipili. Pilipili, Faida! Miaka yote hii, na siku ile mdomo wangu, huu ambao watu wa Mweso wote wanaujua, haukupata kitu kingine cha kusema.

Sasa nisikilize. Baba yako hakulala juu ya pikipiki. Hakuwa amekunywa pia. Liweke hilo kichwani kwanza, kabla sijaanza kujieleza, maana mimi nikianza kujieleza huwa najipatia haki njiani.

Wewe unajua kwamba wajomba zako walikuwa wakimwita baba yako muntu wa pori. Ulikuwa mdogo na ulidhani ni utani wa mashemeji, na ulikuwa utani kweli, lakini ulikuwa na meno. Sisi ni watu wa milima ya Masisi, tumelima hapa tangu kwa babu wa babu, na kaka zangu walitaka niolewe na mtu mwenye shamba linaloonekana kutoka barabarani. Mimi nikamleta mwendesha pikipiki kutoka Walikale, mtoto wa wawindaji, mwenye shati moja zuri na meno meupe. Walimkubali. Lakini walimkubali kwa masharti ambayo hawakuyasema siku ya mahari.

Huku kwetu mtu akitoka Walikale kwenda kwa wakwe zake hafiki mikono mitupu. Analeta nyama ya pori, imekaushwa kwa moshi, imefungwa kwenye majani, na wakwe ndio wanaokula kwanza. Mkwe anayeleta nyama anasifiwa mlima mzima. Baba yako hakuwahi kuleta. Uwindaji aliuacha kwa baba yake, yeye kazi yake ilikuwa pikipiki, na alichopata kule alikigeuza kuwa chumvi, sabuni na madaftari yako. Basi kila sherehe, mjomba wako mkubwa alikuwa akingoja watu wakae vizuri, kisha anasema, "Shemeji, wewe uko wa Walikale ya kweli? Hata mukia ya mboloko hatujaona!" Watu wanacheka. Baba yako anacheka nao, tena kuliko wao.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiona aibu kwa niaba yake, na yeye hakuniomba nimwonee aibu. Nikirudi nyumbani namnunia siku nzima, na yeye anabaki akijiuliza amekosa nini.

Safari ile tulikwenda pamoja. Nilikuwa na maharagwe na jibini za kuwauzia wachimbaji wa Omate, na zilikwisha zote, tukawa tunarudi na magunia matupu. Jumamosi ilikuwa posa ya binti wa mjomba wako. Ukoo mzima ungekuwepo. Mimi tangu tunaondoka Omate nilikuwa nimeanza: kwamba tutaingia pale tena kama watu waliotoka sokoni, kwamba kaka yangu ameshaandaa kichekesho chake, kwamba mwanaume mwingine angeenda kwa baba yake kuomba hata mkono wa mnyama. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma, na sikio lake lilikuwa karibu na mdomo wangu. Mtu wa mbele kwenye pikipiki hana pa kukimbilia, Faida. Ukimsema anasikia yote.

Kabla sijafika pale penyewe, nikuambie alivyokuwa akiendesha, kwa sababu sikumwelewa wakati ule. Wewe umezoea ng'ombe wa Masisi. Ng'ombe ni rahisi, anavuka kama mzee anayekwenda kanisani, unapiga honi, mchungaji anapiga kelele, unapita nyuma ya mkia wake. Mboloko hujamwona akiwa hai. Umemwona sokoni tu, amekauka kwa moshi, amekunjwa. Ni paa mdogo wa kijivu, hamzidi mwanambuzi, na miguu yake ni myembamba mpaka unajiuliza inambebaje. Anatoka alfajiri na jioni kutafuta matunda yaliyoanguka, na barabara iko katikati ya chakula chake. Taa ya pikipiki ikimpiga machoni anasimama. Anakutazama. Halafu anaruka, na upande atakaorukia hata yeye mwenyewe haujui mpaka ameshaurukia.

Kwa hiyo baba yako, mahali ambapo miti imefunika barabara, alikuwa anaachia gesi mapema, mwendo upungue, hata kama hakuna kitu. Akimwona mnyama anashusha taa, anashika breki zote mbili kidogokidogo, pikipiki imenyooka. Hamkwepi kamwe. Alikuwa akiniambia kwamba anayemkwepa mnyama msituni anakutana na mti, na mti haurukiruki. Anapiga honi moja ndefu, anasimama. Na mnyama akishavuka, bado anangoja. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi kuliko yote. Mnyama amekwenda, barabara ni nyeupe, na yeye ameketi tu mguu mmoja chini.

"Tutalala hapa?"

"Ngoja kidogo, Mama Faida. Iko na mwenzake. Mboloko haitembeake yenyewe."

Na mara nyingi kweli, nilipokuwa nimeshakasirika vya kutosha, wa pili alikuwa anatokea na kuvuka palepale alipopita wa kwanza. Nilikuwa nakasirika zaidi kwa sababu alikuwa sahihi. Unajua nilivyo.

Asubuhi ile mwanga ulikuwa umeanza lakini ukungu ulikuwa bado umelala juu ya barabara. Tulikuwa tumeshuka kilima kidogo, matope yamekauka juu, pikipiki inakwenda vizuri. Mboloko alikuwa amesimama katikati. Baba yako akaachia gesi.

Mimi sikuona mnyama, Faida. Niliona sherehe. Niliona mjomba wako akifungua majani na kukosa la kusema. Nikampiga baba yako mgongoni kwa kiganja, nguvu, kama unavyompiga punda.

"Ongeza! Papa Faida, ongeza! Njo ile nyama yetu!"

"Apana. Iko na mwenzake."

Alikuwa ameshaanza kushika breki. Pikipiki ilikuwa inatulia. Kama ningenyamaza wakati ule, wewe ungemaliza shule na wenzako, na yeye leo angekuwa anakufukuza kwenye uwanja wa kanisa kwa mbio akikuelekeza. Lakini nilimwambia hivi, na mkono wangu unakataa kuandika, lakini nitaulazimisha: "Kaka zangu banasema kweli. Wewe hauko mwanaume."

Aliongeza gesi.

Wa kwanza aliruka, akaenda zake, hatukumgusa hata mkia. Wa pili alitoka kwenye majani upande wa kushoto, akaingia moja kwa moja chini ya gurudumu la mbele. Mimi nilirushwa kwenye matope nikaangukia magunia yangu matupu. Nilichopata ni hili kovu la kidevuni ambalo siku zote nimekuambia ni la jembe. Baba yako alibaki chini ya pikipiki, na mguu wake ulikuwa kati ya injini na gogo ambalo mtu alilikata akaliacha kando ya barabara. Hakulia. Aliniuliza, "Umeumia?" Nilimwambia hapana. Akasema, "Basi, Mungu asante." Nimesikia asante ile kila siku tangu hapo.

Watu wa kijiji cha karibu walitusikia, wakaja, wakamtoa, wakamtengenezea machela ya miti na blanketi. Ni watu wa kwao, wawindaji, na wana utaratibu wao. Mnyama aliyemwaga damu ya mtu hawezi kugawanywa bila mtu huyo kupata fungu lake. Basi mzee mmoja akamchinja mboloko pale pale, akakata paja, akalifunga kwenye majani, akaniletea kwa mikono miwili. "Mama, hii njo ya bwana yako."

Nililipokea. Ningeweza kulikataa, au kulisahau pale kwenye nyasi, na hakuna ambaye angenilaumu, mume wangu akiwa amelala machela. Nililipokea na nikaliweka kwenye gunia. Siku alipofika hospitali ya Kirotshe kupasuliwa, mjomba wako alikuja kutuona, akaona gunia, akauliza kuna nini. Nikamwambia. Akalibeba. Jumamosi lililiwa kwenye posa, na nimeambiwa mjomba wako alisimama akasema kwamba leo shemeji ameonyesha yeye ni wa wapi. Walipiga makofi. Mimi nilikuwa Kirotshe nikimshikia baba yako bakuli la kutapikia.

Sijawahi kumwambia habari ya makofi. Wewe ndiye wa kwanza kujua, na sijui kwa nini hilo linaniuma kuliko mguu.

Uongo sasa. Siku ileile mjomba wako alisimama kando ya kitanda akauliza, "Ilikuwa aje?" Nikafungua mdomo. Nataka uniamini kwamba niliufungua. Baba yako akanitangulia, sauti yake ikiwa ndogo kwa dawa: "Nililala. Usingizi ilinikamata." Na mimi nikaufunga. Nilijiambia nitasema akipona, na goti halikupona. Usingizi ulipofika Mweso ulikuwa umeshageuka kasiksi. Watu hawakuwa na ubaya, ila pombe ina ladha kuliko usingizi kwenye hadithi. Uvumi ulipofika shuleni kwako, baba yako alikuwa mlevi aliyeanguka na mke wake.

Ulikuja nyumbani siku ile ukilia, ukaniuliza kama ni kweli. Nikakuambia, "Usisikilize batu." Hilo si jibu, na wewe ulikuwa na akili ya kutosha kulijua. Pikipiki ilikuwa imekufa, yeye alikuwa amelala, ukatoka shuleni kuja kulima na mimi, na kila ulipowaona wenzako wakipita na sare zao ulikuwa unamtazama yeye. Ukaanza kumsalimia kutoka mlangoni. Ukaanza kula jikoni na mimi. Nilikuwa nakupakulia nikijua. Nilijiambia nitakuambia ukikua, halafu ukirudi shuleni, halafu ukimaliza uuguzi. Siku ulipopata diploma ulinikumbatia mimi mbele ya watu wote, ukasema, "Huyu njo alinisomesha." Yeye alikuwa nyuma ya umati, amevaa lile shati lake zuri. Nilifurahi, Faida. Hilo ndilo baya. Nilifurahi kweli.

Leo jioni, ulipokwenda kuwaaga wanakwaya, nilimwambia nitakuandikia. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Usiandike. Acha aamini nililala. Akiogopa usingizi, atakuwa anapumuzika njiani. Ataishi." Nikamwambia, "Lakini anakuchukia." Akasema, "Anichukie tu, mi niko nyumbani siendi fasi yoyote. Na akikuchukia wewe, ataandikia nani?"

Nilitaka kuiweka kalamu chini, nakuambia kweli. Ilikuwa ruhusa nzuri sana. Mtu mwenye mguu wake ananiambia ninyamaze, mimi ni nani nikatae? Nikaenda kuosha vyombo. Halafu nikaona kwamba safari hii amekosea, na labda ni mara ya kwanza juu ya mambo ya barabara. Usingizi hautakupata wewe, unalala mapema tangu ukiwa mtoto. Utaingia kwenye ile misitu umepumzika, macho wazi, ukijiona uko salama kwa sababu hauko kama baba yako. Na mnyama atasimama mbele yako, na utajua la kufanya, kama alivyojua yeye. Shida itakuwa nyuma ya mgongo wako.

Maana utabeba watu. Utambeba mkubwa wako wa kazi anayetaka kufika kabla ya giza, utambeba mume wa mama anayejifungua, utabeba boksi la chanjo na barafu inayeyuka. Mtu atakuambia, ongeza. Sababu yangu mimi ilikuwa paja la nyama na kaka zangu. Ya kwako itakuwa mtoto mgonjwa, na hiyo itakuwa ngumu zaidi kuikataa, na watakuambia pia kwamba uko mwanamke, unaogopa. Sijui utawajibu nini. Baba yako alisema hapana mara moja, akiwa na uzoefu wote ule, na mimi najua jinsi dereva mzuri anavyovunjwa, kwa sababu nilimvunja kwa sentensi moja nikiwa nimeketi vizuri nyuma yake.

Haya niliyokuandikia juu ya taa na breki ni yale niliyoyachukua juu ya bega lake, huku nikinung'unika. Si yote. Yeye anajua pale miti inapodondosha matunda na msimu gani, anajua kona ambazo wanapenda kuvukia, anajua hata mvua ikinyesha barabara inabadilika vipi. Kuna sehemu moja baada ya daraja alikuwa anashuka na kuisukuma pikipiki kwa mkono. Sikuwahi kumwuliza kwa nini. Juzi alikuwa anakuja kukuambia hayo yote pale uwanjani, na ulikuwa huyahitaji kutoka kwa mtu aliyelala.

Ukiamka kesho usinisalimie mimi kwanza. Nitakuwa jikoni, pita tu. Nenda kwake, vuka ule mlango, kaa chini, umwambie, "Papa, nionyeshe ile barabara." Atakuambia muda umekwenda, kwamba ukichelewa utakutwa na giza. Usimsikilize. Ondoka keshokutwa kama ni lazima. Kule wanakungoja, watangoja. Mwache akuchoree hata kwenye vumbi la sakafu kwa gongo lake, kona kwa kona.

Mimi nitasikia kila kitu, ukuta wetu ni mbao. Na kama mkimaliza unataka kupanda pikipiki uondoke bila kuingia jikoni, ondoka, mwanangu. Nitasikia injini ikipita nyuma ya nyumba na nitajua umefundishwa na anayejua. Nilitaka kuandika kwamba hilo litanitosha. Halitanitosha. Lakini nenda kwake kwanza.

Mama yako